Nzeru ni nini? Profesa aliyewauliza wazee wa Katete kabla ya kuwapima watoto

Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, Kichewa uwanjani na Kiingereza darasani hupimwa kwa lugha moja tu kati ya hizo tatu, nayo ni ile anayoifahamu kidogo kuliko zote. Akishindwa, husemwa kuwa ni mzito wa kuelewa. Wazazi wengi wa Dzaleka wamewahi kuyasikia maneno hayo, na wengine wameyaamini.

Je, alama za mtihani hupima akili ya mtoto, au hupima kiasi alichokwisha kuzoea karatasi, kalamu na lugha ya mtihani? Swali hilo ndilo lililojenga kazi ya Robert Serpell, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Zambia. Sehemu kubwa ya jibu lake aliipata kwa Wachewa wa wilaya ya Katete, mashariki mwa Zambia. Hao ni watu wa kabila moja na wenyeji wa Kauma, Dowa na maeneo mengine yanayoizunguka Lilongwe. Kalonga Gawa Undi, mfalme wa Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, ana makao yake huko huko Katete. Kwa hiyo utafiti uliofanyika ng'ambo ya mpaka unawahusu majirani ambao watoto wa wakimbizi huketi nao dawati moja.

Waya na kalamu

Serpell, mzaliwa wa Uingereza, aliwasili Lusaka mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Zambia kupata uhuru. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 1969. Enzi hizo wanasaikolojia walikuwa wakija Afrika na majaribio yaliyotungwa Ulaya na Marekani. Watoto wa Kiafrika walipopata alama za chini, hasa katika kunakili michoro na maumbo, ilikuwa rahisi kuandika kwamba wana upungufu wa kutambua kile wanachokiona.

Yeye alishuku kifaa kabla ya kumshuku mtoto. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979, aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wenzao wa Manchester, na kuwataka wanakili maumbo kwa njia mbalimbali: kwa kuchora kwa kalamu, kwa kukunja waya, kwa kufinyanga na kwa kuiga mikao ya mikono. Kwenye kalamu, watoto wa Manchester waliongoza. Kwenye waya, waliongoza wa Lusaka. Katika kufinyanga na katika kuiga mikono, makundi hayo mawili yalikuwa sawa.

Yeyote aliyewahi kuona magari ya waya yakisukumwa na watoto kwenye barabara za vumbi za Lusaka au Lilongwe hahitaji maelezo marefu. Mtoto wa Lusaka alikuwa amekunja waya miaka mingi kabla ya mtafiti kufika, kama vile mtoto wa Manchester alivyokuwa ameshika penseli tangu utotoni. Mtafiti aliyebeba kalamu peke yake angeandika kwamba Wazambia wana upungufu. Aliyebeba waya peke yake angeandika hayo hayo juu ya Waingereza.

Mtoto wa kutumwa

Hata hivyo, kubadilisha vifaa kuliacha swali zito zaidi: nani ameamua akili ni kitu gani? Katika miaka ya 1970 Serpell alikwenda vijijini Katete na kulipeleka swali hilo kwa watu wazima waliokuwa wakiwalea watoto. Aliwatajia shughuli za kawaida za kijijini, mathalani kupeleka ujumbe nyumba nyingine, kisha akawauliza wangemchagua mtoto yupi kati ya wale wanaowafahamu, na kwa sababu gani.

Neno lililotawala majibu lilikuwa nzelu, ambalo Malawi huandikwa nzeru. Kamusi hulitafsiri kuwa akili au hekima, lakini wazee walilielewa kuwa na pande mbili zisizotenganishwa. Upande wa kwanza ni -chenjela, yaani wepesi wa kung'amua, karibu na kile Waswahili wanachokiita werevu au ujanja. Wa pili ni -tumikila: kuwa mtoto anayetumika, anayepokea agizo, akalitimiza hata asipoonwa na mtu, na akarudi na chenji. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba mzizi ni ule ule wa kutuma na kutumikia. Kwa wazee hao, mtoto mwenye wepesi wa kung'amua lakini asiyetumika hakuwa na nzelu kamili. Werevu wake ungeweza kuwa hatari kwa jamaa zake.

Shule haipimi upande huo wa pili. Serpell alipolinganisha maoni ya watu wazima na maendeleo ya watoto shuleni, hayakuendana vizuri. Aliwafuatilia watoto hao kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1993 akachapisha kitabu kuhusu safari zao za maisha na maana ya shule kwao. Walikuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na wengi waliacha shule mapema. Alichokosoa ni mfumo uliofanywa kama ngazi nyembamba: wachache wanapanda na kuondoka kijijini, na wanaobaki wanahesabiwa kuwa wameshindwa. Matokeo hayo hakuyaacha maktabani. Yalirudishwa kijijini kwa njia ya maigizo, ili wazazi na walimu wayajadili.

Mtazamo wa wazee nao haufai kupambwa kupita kiasi. Mahali ambapo utiifu ni nusu ya akili, mtoto mwenye maswali mengi anaweza kuonekana mkaidi, na msichana anayetumika vizuri anaweza kutumwa mpaka akakosa muda wa kufungua daftari.

Katete si peke yake. Huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, watafiti wakiwemo Robert Sternberg na Elena Grigorenko waliwapima watoto 85 wa Kijaluo juu ya dawa za mitishamba, kisha wakawapa majaribio ya kawaida ya akili na masomo. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, waliojua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati.

Udongo badala ya karatasi

Serpell alifundisha pia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, ambako alishiriki kuchunguza jinsi watoto wa familia mbalimbali za mji huo wanavyoanza kusoma. Alirejea Lusaka kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Zambia, kuanzia mwaka 2003 hadi 2006. Pengine kazi yake yenye manufaa ya haraka kwa mwalimu ni Panga Munthu, jaribio alilolisanifisha pamoja na Ravinder Kathuria. Mtoto hupewa udongo na kuambiwa afinyange mtu, kisha alama hutolewa kwa viungo na uwiano wake. Hahitaji kujua kusoma, wala kuwahi kushika penseli.

Kuhusu lugha, Zambia ilibadili mwelekeo mwaka 2014 na kuanza kutumia lugha za wenyeji katika madarasa manne ya mwanzo. Malawi ilielekea upande mwingine: Sheria ya Elimu ya 2013 imekitaja Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Mtoto wa Kikongo au wa Kirundi aliyefika Dzaleka akiwa na miaka tisa huikuta lugha hiyo darasani, na Kichewa nje ya darasa, vyote kwa mara moja.

Kurudia darasa ni jambo la kawaida katika shule za msingi za Malawi. Mzazi anapoitwa kuelezwa kwamba mwanawe atarudia, anayo haki ya kumwuliza mwalimu mambo matatu: mtihani uliandikwa kwa lugha gani, mtoto ameisoma lugha hiyo kwa muda gani, na je, aliwahi kuulizwa maswali yale yale kwa mdomo, katika lugha anayoiongea?