Dirisha yenye kukamata: tuitengeneze mbele mvula ianze

Bandugu, kwetu Naviundu, mwezi wa Agosti dirisha inaanza kulia: unaivuta, inasimama katikati. Bantu wanasema fundi alitukula makuta. Mara moja moja ni kweli. Lakini mara mingi ni udongo.

Vumbi yetu ni nyekundu juu iko na oksidi ya chuma mingi, na punje zake ni ndogo kabisa. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvula hainyeshi, basi inaingia mpaka ndani ya sharnieri. Mtu anachukua mafuta ya vidanje, anamwanga mingi. Siku ile inafunguka bila nguvu. Kiisha mafuta inakamata vumbi, inakuwa potopoto nyeusi yenye kusaga chuma kama papiye emeri. Mimi nasema mafuta mingi ni mubaya kuliko kukosa mafuta.

Anza na kusafisha: burosi ya meno ya zamani, kitambaa na petroli kidogo. Acha ikauke. Tia tone mbili za mafuta mpya, fungua na kufunga mara kumi, pangusa ile inabaki inje. Kutu nayo usiipake rangi juu tu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyoizaa, njo maana sharnieri inabanwa. Kwangua kwanza.

Dirisha ya mbao ni mambo ingine. Mbao inakunywa unyevu, inavimba mu Januari. Usikimbilie randa: mu Julai itarudi kukauka, utabaki na nafasi ya vumbi na mbu. Tia alama ya kalamu pahali inagusa, ngojea ikauke, sugua bugi (bujii ya mshumaa inatosha) na upake rangi kwenye kingo zote, zaidi ile ya chini yenye bantu wanasahau.

Kwa nini nasumbuka na hii? Juni na Julai usiku ni baridi, kura inakatika, na kuko wenye kuingiza mbabula chumbani. Makala inatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi. Mbabula ibaki inje, hata dirisha iwe muzuri namna gani. Na moto ukiwaka ndani, dirisha njo mlango wa pili. Kama antivol yako imesuderiwa yote, omba ajisteri akate upande moja, atie sharnieri na kadena. Funguo ikae ndani, karibu, pahali hata batoto wanajua.