KIKOHOZI KIMERUDI, LAKINI SI TB: HABARI KUTOKA UGANDA

Ndugu wafanyakazi, wako wenzetu waliomaliza dawa za kifua kikuu wakapona, kisha kikohozi kikarudi. Wanakonda, wanachoka, wengine wanatema damu. Makohozi yakipimwa hayana TB, na bado wanaanzishiwa dawa za TB mara ya pili. Nyapara naye ameanza kusema fulani hafai tena kazi.

Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, waganga waliwachunguza watu 398 waliokwisha kutibiwa TB, na baada ya miaka miwili wakawapima tena 285 kati yao. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Katika wale waliobakiwa na matundu kwenye mapafu, 26 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa mwingine, wa ukungu uitwao aspajilasi. Wasiokuwa na matundu hawakufika hata mmoja kwa 100.

Ukungu huu tunaujua sote. Ni wa mahindi yaliyolowa, majani yaliyovunda na mbolea ya takataka. Vumbi lake kila mtu analivuta, na kifua kizima hulitoa. Lakini tundu lililoachwa na TB ni kama nyumba isiyo na mwenyewe: ukungu huingia, hukaa, hufanya donge. Hauambukizi kutoka mtu kwa mtu, basi hakuna sababu ya kumtenga mwenzetu.

Hugunduliwa kwa damu. Mwili ukivamiwa huunda askari, yaani kingamwili, na kila aina ya askari ina adui wake. Damu kidogo huchukuliwa mkononi, maji yake hukutanishwa na chembe za ukungu, na askari wakionekana wengi, ukungu unashukiwa. Siku hizi kipo hata kipimo cha haraka, mfano wa kile cha malaria, chenye jibu kwa nusu saa hivi.

Damu peke yake haitoshi, msidanganyike. Mtu anaweza kuwa na askari hao na asiwe mgonjwa. Waganga hutazama pamoja dalili zilizozidi miezi mitatu, picha ya eksirei na damu. Na makohozi lazima yapimwe TB kwanza.

Dawa ni itrakonazoli, vidonge vya miezi sita au zaidi. Kwa mshahara wetu ni mzigo. Kwa hiyo matawi yanapojadiliana na mwajiri juu ya matibabu, yadai eksirei, kipimo hiki na dawa yake kwa aliyewahi kuugua TB, pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Na mwenye tundu kifuani asipangiwe kufagia ghala.