Sherehe ya mwezi mpevu Ko Pha-ngan: hatari iko njiani kurudi

Kila mwezi unapopevuka, ufuo wa Hat Rin katika kisiwa cha Ko Pha-ngan, Ghuba ya Thailand, hufurika watu. Desturi hiyo ilianza katikati ya miaka ya 1980, wasafiri wachache wenye mabegi mgongoni walipokuwa wakikesha mbele ya vibanda vya kupanga. Riwaya ya Alex Garland, The Beach, iliyotoka mwaka 1996, na filamu yake ya mwaka 2000 ziliwavuta vijana wengi zaidi kwenye visiwa vya Thailand, na leo usiku mmoja wa Hat Rin unaweza kukusanya watu elfu kumi, msimu ukichanganya hata elfu ishirini au thelathini. Kwa miaka mingi tarehe imekuwa ikisogezwa siku moja pale mwezi mpevu unapoangukia sikukuu ya Kibudha, maana siku hizo uuzaji wa pombe umekuwa ukiwekewa vizuizi. Vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi Ulaya na Marekani nao wamo. Wakiaga, wazazi huwausia kuhusu wezi, dawa za kulevya na watu wabaya. Usia huo una haki yake, lakini hauligusi jambo lenyewe. Kwa maoni yangu, pamoja na makelele na moto wake, ufuo si mahali pa hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa iko kati ya ufuo na kitanda.

Jiografia ndiyo inayoupanga usiku huo. Kisiwa hakina uwanja wa ndege. Unafika kwa feri kutoka bara au kutoka kisiwa jirani cha Samui, na feri nyingi hutia nanga Thong Sala, upande wa magharibi. Hat Rin iko kwenye ncha ya kusini-mashariki, na kipande cha mwisho cha barabara hupanda na kushuka vilima vikali, zege tupu lenye mchanga uliopeperuka juu yake. Wiki ya sherehe, vyumba vya Hat Rin hupanda bei na nyumba nyingi za wageni hazikubali mtu wa usiku mmoja. Basi msafiri mwenye pesa kidogo hupanga mbali, pengine Samui kabisa, na bila kujua anakuwa amenunua kitanda cha bei nafuu pamoja na safari ya usiku wa manane. Zipo gari za abiria ziitwazo songthaew, pikapu zenye mabenchi mawili nyuma kama daladala za Unguja. Lakini wengi wameshakodi pikipiki tangu asubuhi, na ufunguo uko mfukoni.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani, lilikadiria kwamba Thailand hupoteza watu 32.7 kwa kila laki moja kwa mwaka, na karibu robo tatu yao ni watu wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Ni miongoni mwa nchi zenye barabara mbaya zaidi duniani kwa kipimo hicho. Kijana aliyekulia Mombasa au Mwanza atasema bodaboda si jambo geni kwake. Ni kweli amezipanda tangu utotoni, ila kukaa nyuma ya dereva si kushika usukani, tena gizani, kwenye kona usiyoijua, huku anayekuja mbele yako ametoka kunywa. Hapo ndipo asiyekunywa hata tone anapoingia kwenye hesabu, maana barabara ni moja.

Kuna upande wa karatasi ambao kwa watu wa diaspora ni mzito kuliko kwa wengine. Pikipiki nyingi za kukodi kule zina injini ya cc 110 hadi 125, na nyingine zaidi. Leseni ya gari ya daraja B, katika nchi nyingi za Ulaya, inakuruhusu kuendesha kipikipiki cha cc 50 tu. Leseni ya kimataifa haikuongezei daraja lolote. Inatafsiri ile uliyonayo. Mwenye duka hatakuuliza habari hizo. Atakayekuuliza ni kampuni ya bima, nawe tayari uko hospitali na mfupa umevunjika, na mikataba mingi ya bima ya safari haimlipi aliyeendesha bila leseni stahiki, bila kofia ngumu au akiwa amelewa. Kisha kuna pasipoti, ambayo maduka mengi huidai iwe rehani. Ukizozana na mwenye duka kwa mchubuko wa rangi, pasipoti iko kwake. Mjerumani aliyepoteza pasipoti hupewa hati ya dharura na ubalozi wake, akaondoka. Mkenya anayeishi Ujerumani anahitaji hati kutoka kwa serikali ya Kenya, na kama kadi yake ya ukaazi ilikuwa ndani ya kifuko hichohicho, anahitaji pia ruhusa ya Wajerumani ya kuingia tena, la sivyo shirika la ndege halimpandishi. Kenya ina ubalozi Bangkok, lakini kutoka kisiwani hadi Bangkok ni feri, kisha basi au treni ya usiku kucha. Acha pesa taslimu ziwe dhamana, au nenda duka jingine.

Wanaorudi Samui usiku wana barabara ya maji. Januari 2005 boti ya kasi iliyokuwa ikiwavusha watu wa sherehe kati ya visiwa hivi viwili ilizama ikiwa imepakia kupita kiasi, na watu zaidi ya kumi wakafa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya chombo kupakia kupita kiasi. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikaondoka na mamia. Chombo kikiwa kimejaa hadi huoni pa kukaa, au nahodha akikosa jaketi la kuokolea la kukupa, kishuke. Nauli uliyokwisha kulipa isikubakize humo.

Hata sumu ya pombe hufuata mkondo huu wa kurudi. Hat Rin pombe huuzwa kwenye vindoo vya plastiki, vile vya watoto kuchezea mchanga: pombe kali, soda na kinywaji cha kuongeza nguvu, mirija kadhaa, kila rafiki na wake. Ukishachanganya hivyo huwezi kujua kilichomiminwa. Ushuru mkubwa juu ya pombe kali, kama ule wa Indonesia, huwapa watengenezaji wa vichochoroni sababu ya kuuza kilicho rahisi, na humo methanoli hujipenyeza. Kisiwani Bali, mwaka 2009, watu 25 walikufa kwa pombe ya kienyeji, wageni wakiwemo. Novemba 2024 wasafiri sita walikufa baada ya kunywa Vang Vieng, mji wa Laos ambao si kisiwa lakini hupokea vijana walewale wanaopita Ko Pha-ngan. Kwetu pia tunaijua, nchini Kenya: Embu na Kiambu mwaka 2014, Kirinyaga mwaka 2024. Methanoli haikuangushi palepale. Ini huigeuza taratibu kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho, na kwa kuwa ini hushughulikia pombe ya kawaida kwanza, dalili zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Mtu ameshalala, au yuko kwenye feri, anadhani ni uchovu wa ulevi. Akisema anaona ukungu au weupe mbele ya macho, asiachwe alale. Anahitaji hospitali yenye dawa ya kuizuia sumu na mashine ya kusafisha damu, na pengine hiyo maana yake ni kuvushwa hadi nje ya kisiwa. Bia ya kopo, au ya chupa iliyofunguliwa mbele yako, inakuepusha na karibu yote haya.

Watakaonipinga kwanza ni wanawake, na wana haki. Kwao ufuo wenyewe una hatari: kuwekewa kitu kinywajini, kushikwashikwa, kufuatwa. Sina la kupunguza hapo. Ninaloongeza ni kwamba binti aliyepotezana na wenzake saa tisa usiku, hana usafiri na analala kilomita kumi mbali, yuko katika hali mbaya kuliko yule ambaye chumba chake kiko hatua chache tu. Wengine watataja mauaji ya watalii wawili Waingereza kisiwa jirani cha Ko Tao, Septemba 2014. Yalitisha, na dunia nzima iliyasikia, ilhali ajali za pikipiki hazifiki hata gazeti la siku moja. Kwa hiyo hofu imekaa kwenye mauaji na maiti ziko barabarani.

Kuna wanaosema dawa ni moja tu, kutokwenda. Naheshimu imani na malezi yanayosema hivyo, lakini wapo watakaokwenda hata hivyo, na kijana aliyekatazwa kwa ukali ndiye atakayeficha jeraha na asipige simu nyumbani. Kwa anayekwenda, uamuzi ufanywe akiwa bado mzima wa akili, siku anapolipia chumba. Ama alale Hat Rin kwa gharama zake, au akae ufuoni hadi jua litoke kisha apande songthaew mchana na wenzake, pikipiki ikiwa imebaki walipofikia. Chumba ni ghali, sikatai, ila wiki moja wodini bila bima ni ghali mara nyingi zaidi. Na kabla hajaondoka, jina la nyumba ya wageni na namba ya bima vibaki kwa mtu mmoja nyumbani. Thailand namba ya dharura ya wagonjwa ni 1669, na polisi wa watalii ni 1155.