Hujawahi Guza Pombe, Lakini Unaendesha Boda Ukiwa Mlevi? Soma Hii

Msee wa Masalani. Wewe pombe hujawahi onja hata tone, si ndio? Poa. Lakini mwaka wa 1997 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokunywa na watu waliokuwa macho tu. Wakapata kwamba ukikaa macho saa 17 mfululizo, unazembea kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwa damu. Sasa piga hesabu: uliamka na adhana ya Alfajiri saa kumi na moja, saa hii ni saa nne usiku na bado unabeba abiria. Walaal, hapo wewe ni mlevi mwenye hajakunywa.

Sikuhubirii. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sababu kubwa ilikuwa kulala saa kumi usiku na kuamka saa sita mchana. Nikarudi home, nikapewa boda ya binamu. Usiku mmoja nimebeba mama na mtoto, nikafumba macho kidogo tu. Kushtuka, pikipiki iko kwa kichaka na mama anapiga nduru. Hatukuumia. Lakini ile nduru bado naisikia.

Hizi ndizo zilinirudisha kwa laini:

1. Anza na saa ya kuamka, si ya kulala
Huwezi jilazimisha usingizi, lakini kuamka unaweza. Mwili una saa yake ya ndani, na mwanga wa asubuhi ndio huiseti. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Nobel 2017 kwa kuonyesha vile hiyo saa inafanya kazi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Adhana ikilia, amka, toka nje, usirudi kitandani hadi saa nne. Ukifanya hivyo kila siku, hata wikendi, usingizi wa usiku utaanza kukutafuta wenyewe.

2. Jaba
Najua hii itauma. Miraa iko na kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Kazi yake ni kukuweka macho, kwa hivyo usishangae ukikodolea mabati saa tisa usiku. Kama huwezi wacha leo, basi wacha kutafuna jioni. Na usizime handas na tembe za kulala za kununua tu dukani. Hiyo ni kuongeza shida juu ya shida.

3. Chai
Chai ya rangi na soda ya kushushia jaba ziko na kafeini, na nusu yake hubaki mwilini kama saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni, nusu yake bado inapiga kazi saa tano usiku. Ya mwisho iwe saa tisa alasiri.

4. Joto
Ili ulale, mwili lazima upoe kidogo. Keja ya mabati imekunywa jua mchana kutwa, inalitapika usiku. Oga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala, halafu jipanguse kidogo tu, upepo umalizie. Kama boma lenu ni salama, toa mkeka nje. Lakini neti ni lazima: tuko kando ya Tana, mbu hawana huruma. Wazee watakukumbusha homa ya Bonde la Ufa iliyopiga Ijara 2006 na 2007.

5. Simu na mpira
Mechi za Ulaya zinaanza saa nne au saa tano usiku, zikiisha ni kama saa sita au saa saba. Chagua moja kwa wiki, zingine utaona magoli kesho. Simu ichaji mbali na mkeka. Video ya "moja tu, ya mwisho" haijawahi kuwa ya mwisho.

6. Lala mchana, lakini kidogo
Ile saa jua linachoma na maduka yanafungwa, ndio yako. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, kabla ya saa tisa. Ukilala saa mbili, usiku utalipa.

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Kama unakoroma sana na unasinzia mchana hata baada ya kulala vizuri, nenda hospitali wakuangalie. Si uvivu.

Usijaribu zote sita usiku wa leo, utachoka kabla ya Ijumaa. Anza na namba moja, wiki mbili. Na ukisikia macho yanakuwa mazito barabarani, simama kando, mwambie abiria ukweli, aitiwe boda ingine. Utapoteza mia moja. Mimi nusura nipoteze mtoto wa mtu.