Umekonda na mbavu zinauma? Swali la kwanza ni hili: kilo zilienda namna gani

Kilo zimepungua, shati limekuwa kubwa, na sasa kuna maumivu kando ya kifua yasiyoeleweka. Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, mtu mwenye hali hiyo hupewa majibu ya haraka. Mmoja anasema ni baridi, mwingine anasema ni karuho, wa tatu ananong'ona neno SIDA. Lakini kabla ya kutafuta jibu ndani ya ubavu, kuna swali linalotangulia: kilo hizo zilipungua kwa kutaka, au zilienda zenyewe?

Aliyepunguza chakula na kufanya mazoezi mara nyingi hana sababu ya kuogopa. Aliyekonda bila kujua sababu hafai kungojea.

Mifupa iliyokuwa imefichwa

Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu zimeshikamana na mfupa wa katikati ya kifua kwa njia ya gegedu, yaani ule mfupa laini. Jozi ya 8, ya 9 na ya 10 hazifiki kwenye mfupa huo: kila ubavu umejishika kwenye gegedu la ubavu ulio juu yake. Jozi mbili za mwisho hazikushikamana na kitu chochote upande wa mbele.

Mafuta yaliyo chini ya ngozi ni kama godoro juu ya mifupa hiyo. Yakipungua, mtu anaanza kusikia vitu vilivyokuwapo siku zote. Kulala ubavu juu ya kitanda kigumu kunauma. Kuegemea meza kunauma. Wengine wanashtuka zaidi pale kidole kinapogusa kitu kigumu katikati, juu kidogo ya tumbo, wakidhani ni uvimbe mbaya. Mara nyingi ni ncha ya chini ya mfupa wa kifua, ambayo karibu kila mtu anayo. Iko katikati kabisa na haikui wiki kwa wiki. Kitu kinachokua, au kilicho upande mmoja tu, kionyeshwe munganga.

Kuna pia maumivu ya gegedu lenyewe linapowaka. Mtu anaweza kuonyesha mahali panapouma kwa kidole kimoja, na akipabonyeza maumivu yanaongezeka. Mwaka wa 1921, munganga Mjerumani Alexander Tietze alieleza aina yake inayokuja na uvimbe, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Aina nyingine inagusa hasa ubavu wa 8, wa 9 na wa 10. Kwa kuwa zimejishika kwa gegedu tu, ncha ya ubavu inaweza kulegea, kuteleza na kugusa mshipa wa fahamu. Maumivu yanachoma kama kisu mtu anapoinama au kugeuka, na mara nyingine anasikia kitu kimelia. Edgar Cyriax alieleza hali hiyo tangu mwaka wa 1919, lakini bado inasahauliwa, kwa sababu haionekani kwenye picha ya kawaida ya radio. Munganga anaitafuta kwa mikono: anaingiza vidole chini ya ukingo wa mbavu na kuvuta polepole.

Tena kuna misuli iliyo kati ya mbavu. Aliyeanza mazoezi makali ili akonde, sawa na mama anayepanda milima ya Bukavu na mzigo mgongoni, anaweza kuichosha kwa kazi yenyewe. Maumivu ya gegedu na ya misuli kwa kawaida yanapungua kwa kupumzika, kukanda kwa maji ya moto kiasi na kumeza paracétamol kwa kipimo kinachofaa. Gegedu linaweza kuchukua wiki nyingi kutulia.

Kukonda haraka mno

Hata aliyekonda kwa kutaka anaweza kuumwa kwa sababu nyingine. Mwili unapochoma mafuta kwa haraka, ini linapeleka kolesteroli nyingi zaidi ndani ya nyongo. Na mtu asipokula kwa muda mrefu, mfuko wa nyongo haujimwagi inavyofaa. Hapo vijiwe vinaanza kujijenga. Hatari inaongezeka kwa wale wanaopoteza zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki.

Maumivu yake yako chini ya mbavu za kuume au juu ya tumbo, na mara nyingi yanakuja baada ya chakula chenye mafuta mengi, kama ndizi za kukaanga au sombe iliyojaa mawese. Yanaweza kudumu nusu saa au masaa kadhaa na kupanda hadi kwenye bega la kuume. Kipimo cha ekografi kinaonyesha vijiwe. Ikija homa, au macho yakigeuka manjano, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kilo zinapoenda zenyewe

Wanganga wanafuata kanuni moja rahisi: kupoteza asilimia 5 ya uzito kwa miezi 6 hadi 12 bila kutaka kunaomba uchunguzi. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3 tu.

Katika Kongo, ugonjwa wa kwanza wa kufikiria ni kifua kikuu. Nchi hii iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Dalili zake ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda. Ukigusa ngozi inayofunika mapafu, mgonjwa anaumwa ubavu kila anapovuta pumzi. Katika hali hiyo kikohozi kinaweza kuwa kidogo, na kipimo cha makohozi kinaweza kukosa kuona kitu. Ndiyo maana picha ya mapafu inahitajika pia, na mara nyingine kupima maji yaliyojaa kando ya pafu.

Ukonde unaokuja na kiu kikubwa na kukojoa mara kwa mara unaomba kipimo cha sukari. Ugonjwa huo unaweza hata kuumiza mishipa ya fahamu inayozunguka kifua. Maumivu ya kuchoma upande mmoja, yakifuatwa siku chache baadaye na malengelenge yaliyojipanga kama mkanda, ni zona. Kijana mwenye zona anashauriwa kupima pia virusi vya SIDA. Uzito chini ya mbavu za kushoto unaweza kutoka kwenye bandama, ambayo malaria ya mara kwa mara huivimbisha. Saratani nayo ni moja ya mambo ambayo munganga atayafikiria.

Na kuna njaa. Familia zilizokimbia vita na kuacha mashamba zinakonda bila ugonjwa wowote mwanzoni, lakini mwili uliokosa chakula unashindwa kujilinda, na kifua kikuu kinapata mlango.

Karuho na muda unaopotea

Katika Kivu, kukonda, kukohoa na kuumwa kifua ni dalili ambazo wengi wanaziita karuho, yaani sumu iliyowekwa na adui. Mgonjwa anapelekwa kwa mtu wa dawa za miti, na jirani anaanza kushukiwa. Wiki zinapita, miezi inapita. Kama ni kifua kikuu, mgonjwa anaendelea kuambukiza watoto anaolala nao chumba kimoja, na familia imekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya dawa isiyogusa mikrobe.

Kinyume chake, dawa za kifua kikuu zinatolewa bure kupitia programu ya taifa, PNLT, katika vituo vya afya vinavyoitwa CSDT. Mashine ya GeneXpert, pale ilipo, inatoa jibu kwa muda usiozidi masaa mawili. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na kuyaacha katikati kwa sababu mtu amejisikia nafuu kunaimarisha mikrobe.

Anayekwenda kwa munganga aende na majibu manne: alikuwa na kilo ngapi, sasa ana ngapi, zilipungua kwa muda gani, na maumivu yanaongezeka akifanya nini. Na asingoje akikohoa damu, akikosa pumzi ghafla, au kifua kikibanwa na maumivu yakishuka mkononi au kupanda kwenye taya. Hapo haraka inahitajika, iwe alikonda kwa kutaka au la.