Nguo Mbinga hungoja kahawa

Mwenye duka la vitambaa Mbinga mjini husoma kalenda kwenye mibuni. Mavuno yakianza, katikati ya mwaka, huongeza marobota ya kanga na vitenge. Malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakichelewa, doti zinalala rafuni na daftari la madeni linanenepa.

Vitambaa hivyo havifumwi Ruvuma. Wafumaji wa pamba waliojipatia sifa kusini-magharibi mwa nchi ni Wafipa wa Rukwa, ambao kitanda chao cha mfumi kililazwa chini, kikafungwa kwa vigingi. Nguo yao ilikuwa nzito, yenye kudumu, lakini ilikula siku nyingi za kazi. Merikani, kitambaa kilichobatizwa jina la nchi ya viwanda vyake, kilipoenea kwa wachuuzi, hesabu ikawa ngumu kwa mfumaji. Isitoshe, kwa miongo mingi serikali ilizuia kilimo cha pamba nyanda za kusini ili kudhibiti funza mwekundu, kwa hiyo hata malighafi ikakosekana. Kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa mikono ya kusuka ilibaki kwa wavuvi na nyavu zao.

Hata hivyo, kuvaa kuna uchumi wake. Tazama kioda, ngoma ya akina mama wa ziwani: wachezaji huvaa sare, na sare ndiyo inayowatambulisha. Wanaume wa ngoma ya mganda nao hung'ara kwa kaptula na mashati meupe, umaridadi ulioazimwa kwenye gwaride la kijeshi. Kikundi cha akina mama ishirini kikitaka kitenge cha aina moja, muuzaji lazima apate majora ya kutosha yenye ua lile lile. Ua likikaribia kufanana tu, kazi imeharibika. Mwenye nguo tofauti ataonekana mgeni katika ngoma yake mwenyewe.

Faida ya hapa, kwa maoni ya mwandishi huyu, iko kwa fundi cherehani kuliko kwa muuzaji. Mwenye duka hushindana na mitumba na vitambaa vya China. Fundi anayejua vipimo vya kikundi kizima hana mshindani wa karibu.

Doti ya harusini na kanga ya msibani hazingoji kahawa. Hizo hukopwa.

Siku hizi lami imefika Mbamba Bay, ufukoni mwa ziwa. Jora likipungua ziwani, simu hupigwa Mbinga, kitambaa hupakiwa kwenye basi la asubuhi, na fundi hushona hadi usiku.