Uteuzi wa Aina ya Safuwima kati ya Matini na Binari: Mfano wa Majina na Masimulizi ya Uluguru

Katika hifadhidata ya kiuhusiano, safuwima ya matini na safuwima ya binari zote huhifadhi baiti. Tofauti yake imo katika namna mfumo unavyozifasiri baiti hizo. Safuwima ya matini huambatana na usimbaji wa herufi, kama vile UTF-8, pamoja na kanuni za kulinganisha na kupanga maneno. Safuwima ya binari haina kanuni hizo. Hulinganisha baiti kwa thamani zake za nambari tu.

Tofauti hii hudhihirika tunapochukua mfano wa hifadhidata ya majina ya mahali na masimulizi ya Kiluguru kutoka Mgeta, Matombo na Kinole. Jina "Mgeta" likiwekwa katika safuwima ya binari, mtafiti atakayetafuta "mgeta" hatalipata, kwa kuwa baiti ya M ni 77 ilhali ya m ni 109. Vivyo hivyo, "Uluguru" litatangulia "bunduki", jina la kijiji lililoingizwa kwa herufi ndogo, kinyume na mpangilio wa kamusi. Safuwima ya matini yenye kanuni isiyobagua herufi kubwa na ndogo huondoa kasoro zote mbili.

Hata hivyo, aina ya matini haitatui kila jambo. Alama ya ng' ikichapwa ikiwa imenyooka huchukua baiti 1. Ikichapwa ikiwa imepinda huchukua baiti 3 katika UTF-8. Hivyo neno moja huweza kuhesabiwa kuwa maneno mawili, isipokuwa tahajia isanifiwe wakati wa kuingiza data.

Kwa upande wa sauti za wasimulizi, hali ni kinyume. PostgreSQL, kwa mfano, haikubali baiti ya sifuri katika matini, nayo rekodi ya sauti huwa na baiti za aina hiyo. Kuigeuza kwanza kwa Base64 huwezekana, lakini huongeza ukubwa kwa takribani thuluthi moja. Dakika 1 ya sauti isiyobanwa ya chaneli moja, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde za biti 16, ni takribani MB 5.3, baada ya kugeuzwa hukaribia MB 7.1.

Kwa hiyo, kigezo cha msingi ni matumizi ya data: kinachosomwa na kutafutwa kama lugha kiwe matini, kinachopaswa kurudi baiti kwa baiti kama kilivyoingia kiwe binari. Msimulizi mzee akishafariki, sauti yake iliyoharibika hairekodiwi upya, na jina lisilotafutika ni sawa na jina ambalo halikukusanywa.